Mwinyi, Chaguo la Kwanza

Ami Seif,

Salamu nakuletea, ijapokuwa sijui huko uliko zinapokelewaje. Miezi saba sasa. Kila Jumapili kabla ya mpira tunakuombea dua, na Okello, ambaye hata si Mwislamu, huitikia amina kwa sauti kuliko sisi sote.

Nina kesi na wewe, Ami, na leo nimeona tuimalize. Ni ile ya Mwinyi.

Unaikumbuka. Miaka sita nyuma, tuko juu kwenye ule mgahawa wa Karama. Timu zetu nne za wahamiaji huku ughaibuni zimevunjwa, kama desturi yetu kila miaka mitatu, majina ya wachezaji wote yamebandikwa ukutani, na nyinyi makapteni mnachagua mmoja mmoja kwa zamu. Mliokota vizibo vya soda kupata nani aanze, na kizibo cha kwanza kikawa chako. Kila mtu alijua utamchukua Kassim, yule winga aliyekuwa akikimbia mpaka beki anamwomba radhi. Ukaweka chai yako ya karak chini, ukasema, "Mwinyi."

Watu wakacheka. Mwinyi! Beki wa kulia ambaye akipiga krosi mpira unaangukia kwenye maegesho ya magari. Mimi msaidizi wako nikakuvuta kanzu, nikakunong'oneza kwamba huyu tungempata mwisho kabisa, nani ana haja naye? Nawe ukanijibu bila hata kugeuka, "Na akichukuliwa je, mwanangu?"

Fatiha ikasomwa, na kwetu Fatiha ikishasomwa khalas, hakuna kubadilisha. Nikasusa. Mwezi mzima nilikusalimu kwa midomo tu. Halafu miaka mitatu baadaye ukarudia kosa lile lile, tena goti lake limeshaanza kuvimba, nikaona sasa mzee anafanya makusudi.

Haya, tuwatazame leo, mmoja mmoja, bila hasira. Kassim alichukuliwa na timu ya Discovery Gardens. Alicheza mechi nane, na wallahi zilikuwa mechi nane tamu. Kisha akabadilisha kafeel, yule mdhamini wake wa kazi, akahamia Ras al-Khaimah, mpaka leo hatujamwona. Okello, uliyemchukua wa pili, alikuwa ukuta, mpaka kampuni yao ya ulinzi ikampangia zamu za Jumapili mwaka mzima. Hapo ulikosea, Ami, tena nilikwambia umuulize zamu yake kwanza. Na mimi mwenyewe ulinichukua wa tano. Magoli yangu unayajua, sina haja ya kuyataja, hayachukui muda.

Kwa hiyo kwa mpira, mpira mtupu, mimi ndiye niliyekuwa na haki. Mwinyi hakuwa mchezaji wa kuchaguliwa wa kwanza. Hakuwa hata wa kumi.

Lakini miaka sita, Ami, hatujapoteza hata mara moja pointi za mezani, zile wanazopewa wapinzani timu ikikosa watu wa kutosha. Discovery wamezipoteza, wanafika watano wanasimama kama waliokosa basi. Sisi, watu wa maghala ya DIP, wa hoteli, wa ulinzi, kila mmoja na zamu yake na madam wake, tulifika kumi na mmoja kila Jumapili. Kwa sababu saa sita mchana simu ilikuwa inalia. "Umeamka? Umeshaswali? Viatu viko wapi?" Mwinyi alikuwa anajua zamu ya kila mtu kwa kichwa. Ile basi ya wafanyakazi anayoiendesha alishaiombea ruhusa kwa bosi wake, akawa anatuokota kuanzia DIP mpaka Karama. Jezi akazifua yeye, tukazikuta zinanukia.

Na siku yako. Umefariki asubuhi, na baada ya Alasiri uwanja wa makaburi umejaa. Ni Mwinyi, na simu yake. Basi ilienda na kurudi mara tatu. Mimi nilikuwa nimekaa tu kwenye ngazi za hospitali, sikuweza hata kumpigia mke wangu. Aliniinua yeye. Nakumbuka Faraji, kapteni wa Discovery, amesimama pembeni ya kaburi anamtazama Mwinyi akipanga watu wa kushuka mwanandani. Wakati ule sikulitilia maanani.

Sasa nikufikishe Jumapili ya wiki iliyopita. Uteuzi mpya, na wamenikalisha kwenye kiti chako. Nikaokota kizibo cha kwanza, Ami! Ukutani kulikuwa na kijana mmoja wa Kampala, mshambuliaji, hujawahi kuona mguu wa kushoto namna ile. Na Mwinyi. Ana miaka arubaini sasa, anapanda ngazi kwa kushika ukuta.

Nilijua thamani yake. Nakuapia nilijua. Kosa langu ni kwamba nilidhani naijua peke yangu. Nikasema nimchukue huyu kijana kwanza, Mwinyi nitamwokota mwishoni, nani atamtaka mtu wa goti moja? Tena nikajiona mjanja, nikamkonyeza. Na yeye akacheka.

Zamu ya nne, Faraji akasimama. "Mwinyi," akasema.

Hakuna aliyecheka safari hii. Mimi nilisema hapana, hapana, kwa sauti, kama mtoto. Lakini kila chaguo ni chaguo, na Fatiha ikasomwa, na mimi nikainua mikono nikaisoma pamoja nao. Mwinyi akavaa jezi ya Discovery. Kisha akaja mezani kwangu na lile furushi letu la jezi, akaliweka taratibu. "Zimefuliwa, Kapteni," akaniambia. Laiti angenitukana.

Jana, Jumapili, ilikuwa mechi ya kwanza. Saa sita mchana simu yangu ikalia. "Umeamka? Umeshaswali? Viatu... Ah, nisamehe, Kapteni. Mazoea." Akakata.

Nilikaa kitandani na ile simu mkononi. Nililia, Ami, nisikufiche. Halafu nikaanza kupiga mimi, mmoja baada ya mwingine, na zamu zao hata sizijui. Wawili waliotoka zamu ya usiku niliwaamsha, wakanitolea maneno. Yule kijana wa Kampala hakupokea kabisa. Tulifika tisa. Tukacheza tisa, tukafungwa manne, lakini pointi za mezani hatukutoa.

Kesi nimeshindwa, mzee wangu. Nimechelewa kukwambia, na hilo ndilo linaloniuma zaidi ya yale manne.

Miaka mitatu si mingi. Mungu akinipa uhai, kizibo chochote nitakachookota, jina la kwanza kutoka kinywani mwangu litakuwa lake, hata awe anakuja kwa mkongojo, na wacheke wanaotaka kucheka. Mpaka siku hiyo, saa sita mchana kila Jumapili nitapiga simu mimi.

Pumzika, Ami. Mola akupanulie kaburi lako.

Mwanao,
Bakari