Andiko Nililompa Mpiga Pasi

3 Mei

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini nyote wazima hapo nyumbani na goti lako limepoa. Mimi sijambo, ila sabuni za kazini zimenila vidole.

Nina habari ya kukufurahisha. Hapa tunapofulia mashuka ya hospitali yuko mama mmoja mpiga pasi. Mumewe alifariki mwaka jana, na mashemeji hawachoki kumwambia kwamba ni Mungu anampiga. Jana aliweka pasi pembeni, akaniuliza mbele ya wote: "Wewe mlokole, hebu nijibu. Huyo Mungu wako ananipigia nini?"

Hata wale wabishi wetu wanaodhihaki imani wakageuka kunisikiliza. Nikakumbuka ulivyonilea: mtu akikuuliza habari za imani yako, usimjibu kwa akili zako, mjibu kwa Neno. Nikamwambia imeandikwa katika Isaya, "Sitauweka mkono wangu juu ya mjane ila kumwinua." Weee! Alilia hadi shuka likalowa. Wabishi wakaufyata, na leo mmoja wao ananiita mchungaji.

Nisalimie wote.

Mwanao, kifungua mimba wako

15 Mei

Mwanangu, mama yangu,

Marahaba, tena marahaba mara mbili. Goti halijambo kidogo, na barua yako imelitibu kuliko dawa.

Unajua hapa kanisani wananiita Itifaki, kama kile kitabu kinachoonyesha kila neno la Biblia liko wapi. Basi Jumapili niliisoma barua yako mbele ya darasa langu la wazee. Seremala, si unamjua kwa kuchokonoa, akadakia: "Andiko hilo liko sura ya ngapi, mwalimu?" Nikamwambia mimi nalijua tangu ujana wangu, akalitafute mwenyewe, aache kuzoea kutafuniwa. Watu wakacheka. Bibi jirani, naye mjane, aliniomba nilirudie polepole alishike kichwani. Sasa analisema kila tukionana.

Kifua kimenijaa. Huyo ndiye binti niliyemlea!

Baba yako

2 Juni

Baba,

Shikamoo. Hamjambo? Mimi mwili mzima, moyo ndio sijui nikueleze vipi.

Unasemaje unalijua? Halimo, baba. Nililitunga. Siku ile kichwa kilikuwa kitupu, watu wamenikodolea macho, nikaogopa kuonekana sijui kitu. Likanitoka tu mdomoni, tena tamu, na hilo neno "imeandikwa" nikalitanguliza mwenyewe. Barua yako ilipofika nilirukaruka. Nikadhani labda lipo kweli na Roho ndiye aliyenikumbusha. Nikaisoma Isaya yote kwa pupa. Hamna.

Na yule mama amejipatia Biblia yake, analitafuta andiko hilo katika Isaya. Si msomaji wa haraka. Anafuata mstari kwa kidole, midomo ikitembea, kila mapumziko ya chai. Chai inapoa na yeye hana habari. Ananiuliza, "Bado tu?" Namjibu, "Bado, liko mbele." Nimemjibu hivyo hadi jana, baba, huku nikitabasamu! Siku hizi naona haya hata kupokea shuka mkononi mwake. Nifanye nini?

Mwanao

20 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Goti usiniulize. Nimechelewa kukujibu kwa sababu sikuwa na uso wa kukujibu nao.

Sikulijua. Nilipolisoma nilishtuka, nikajiambia haiwezekani binti wa Itifaki ajue andiko ambalo Itifaki mwenyewe halijui. Nikajifanya nalijua. Wewe ulibanwa ghafla, likakuponyoka. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti changu, miwani machoni, Biblia mapajani, na sikuifungua.

Jumapili nilisimama nikawaambia ukweli. Seremala alicheka mpaka akakohoa. Huyo nilimvumilia, nilistahili. Ila bibi jirani aliniuliza taratibu, bila ubaya wowote: "Na yale mengine uliyotufundisha, mwalimu?" Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Ayubu aliwauliza rafiki zake kama watamtetea Mungu kwa kusema uongo. Hilo nimelifundisha mwenyewe, sura na mstari nakutajia hata usingizini, na halikunizuia. Mwambie huyo mama, mwanangu. Mwambie leo, kabla hajafika mwisho wa kitabu. Usinitaje mimi kama kisingizio, wala usijipambe kwa maneno.

Baba yako

5 Julai

Baba,

Shikamoo. Pole na goti, na pole sana na hiyo Jumapili.

Barua yako niliisoma nikiwa bado mlangoni, nikaenda moja kwa moja alipokaa. Nilimkuta yuko sura za mwanzo kabisa za Isaya. Nikamuuliza, "Mbona umerudi huku?" Akaona aibu. Yeye, baba, yeye ndiye aliyeona aibu! Akasema: "Nilimaliza wiki iliyopita, sikuliona. Ni macho yangu haya, na shule yenyewe niliishia njiani. Nikaona nianze tena polepole, usije ukanicheka."

Nikamwambia. Nilisema nililitunga mimi, Mungu hakulisema. Hakunipigia kelele. Heri angenitukana mbele ya wote, ningejua pa kuanzia kuomba radhi. Alichukua shuka akaanza kulinyoosha, lilikuwa limeshanyooka.

Mimi nikahangaika. Nikamfungulia haraka pale penye mwanzi uliopondeka, kwamba Bwana hatauvunja. Nikamwambia, "Hili ni la kweli, mama, hili limo, soma mwenyewe."

Aliweka kidole juu yake. "Hili nililisoma," akasema. "Lilinigusa sana, nikataka nikae nalo. Nikalipita, kwa sababu nilikuwa natafuta lako."

Mwanao