Sauti ya Mama Ndani ya Simu Yangu

Kiwalani, Dar es Salaam
Jumatano asubuhi

Mdogo wangu Widad,

Assalaam alaykum. Natumai karatasi hii itakukuta mzima huko Muscat, wewe, mumeo na watoto, na kwamba goti lako limekubali tena kupanda ngazi. Sie huku tunapumua. Presha yangu inapanda na kushuka kama ilivyozoea, na ndege bado zinapita juu ya bati letu hadi mtu anasahau alichokuwa anasema. Najua umeshangaa kupata barua badala ya simu. Kwenye simu ningeishia njiani mara tu sauti yako ingebadilika.

Nianze na mwanao Jawad, maana najua hamsemezani. Ulimwacha kwa Mama akiwa na miaka sita, ulipoolewa na kuondoka bila Mama kuridhia. Leo ana miaka ishirini na minane, na mpaka majuzi alikuwa mtengeneza programu katika ofisi moja ya Mwenge. Kila Ijumaa baada ya swala alikuja kula hapa, kisha akanifundisha mambo ya mtandao. Alisema zama za kupakua programu moja moja zinakwisha. Ukurasa wa tovuti wa sasa unaweza kukaa kwenye simu na kufanya kazi hata mtandao ukikatika. Akieleza hayo, pilau ilipoa mbele yake.

Kwa ujuzi huo alitengeneza programu ya wazee. Mzee anazungumza, maneno yake yanahifadhiwa, na yanafunguliwa siku anayoitaka mwenyewe. Familia thelathini hivi za huku Temeke na Kinondoni zilikuwa zinaitumia. Mama aliicheka mwanzoni. Alimwambia Jawad kwamba simu ya mjomba wake ina masikio kumshinda mwenyewe, na kwa hilo hakukosea, maana siku hizi nasikia kwa shida.

Alhamisi moja Mama akaiomba simu yangu. Alisema ana maneno ya kukwambia wewe, akatutoa chumbani sote, mimi, Jawad na jirani yetu Somoe aliyekuwa akimuuguza. Somoe alinung'unika kwamba miaka miwili anamwogesha, leo anafukuzwa kama mpangaji. Mama akamjibu, "Mwili nimekuachia. Maneno ni ya Widad." Alipomaliza, Jawad alimshauri sauti ipelekwe kwenye hifadhi ya mtandaoni ili kuwe na nakala. Mama alikataa. Alitaka ibaki ndani ya simu ileile, na upelekewe akishazikwa.

Alifariki Jumapili, tukamzika alasiri hiyohiyo. Jioni ulipiga ukilia, ukauliza kama Mama aliondoka na kinyongo. Nilikwambia amekuwia radhi, kwamba nilikuwa ukumbini na nilimsikia akisema, "Widad ni mwanangu, sina deni naye." Ulimshukuru Mungu mpaka simu ikakatika.

Baada ya wiki uliomba kuisikia sauti yenyewe. Jawad alikuja, akaketi kwenye mkeka wa Mama, akafungua programu, akaikuta tupu kama siku aliyoiweka. Alihangaika siku nne. Mwisho akanieleza kwamba simu ikikosa nafasi, kivinjari, yaani ile programu inayofungua kurasa za mtandao, kinaweza kutupa kilichohifadhiwa bila kumuuliza mtu, na kwamba aliijua hatari hiyo akaipuuza. Alisema, "Kosa ni langu, Mjomba." Nilimshika bega nikampa pole. Ulipopata habari ulimwambia kwamba ameshindwa kumtunzia hata maneno bibi aliyemlea kwa mikono yake. Ulikuwa na uchungu, sikulaumu.

Lakini tazama kilichofuata. Aliziandikia zile familia zote kwamba programu yake si ya kuaminiwa, akaifunga. Akaacha kazi. Kompyuta yake imo kabatini, chini ya kanga za Mama. Sasa yupo stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, anapiga debe la mabasi ya bara. Nilimfuata wiki iliyopita. Aliniamkia, akanitafutia pa kukaa, akanitania kwamba nikitaka kwenda Dodoma atanipa siti ya dirishani. Nikamuuliza kuna lipi jipya kwenye mtandao. Akasema, "Mie hayo nimeacha, Mjomba. Kama nimempoteza bibi yangu, ya watu nitayaweza?" Kisha akarudi kuita abiria, na sauti imemkauka kama ya mtu wa miaka hamsini.

Widad, programu ya Jawad haikukosea kitu. Aliyeifuta sauti ya Mama ni mimi.

Ilikuwa siku ya khitma, ya tatu baada ya maziko. Simu ilijaa picha na salamu za pole, ikakataa kurekodi, na nilitaka kukurekodia kisomo. Niliingia kwenye mipangilio nikaona kivinjari kimechukua nafasi kubwa. Unanijua ninavyopenda kueleza. Pale barazani huwaambia wenzangu kwamba kivinjari ni dirisha tu, ukilifuta vumbi, vyombo vya ndani vinabaki palepale. Jawad alikuwa amenionya kwamba sauti imo humohumo kwenye kivinjari na haina nakala. Nilimkatisha kabla hajamaliza, nikamwambia nilifundisha miaka thelathini na minne, sihitaji kufundishwa kufuta simu. Nilipobonyeza kufuta, simu iliniuliza mara mbili kama nina hakika. Mara mbili nilikubali. Kisha nikarekodi khitma, nikakutumia, ukanishukuru.

Nilielewa nilichofanya pale pale mkekani, Jawad alipokuwa akijilaumu. Nimekaa kimya miezi mitano.

Na yale maneno niliyokwambia siku ya maziko niliyatunga mwenyewe. Ukumbini nilikuwepo, ila sikusikia hata neno moja. Nilidhani baada ya wiki ungeyasikia yake ya kweli, na yangu yangesahaulika. Sasa hakuna ya kweli. Sijui kama Mama alikuwia radhi au alikulaumu. Ninachokijua ni urefu tu, kwa kuwa uliandikwa kwenye kioo alipomaliza: dakika kumi na moja. Mama huyu huyu aliyekuwa akimaliza ugomvi wa mtaa mzima kwa maneno matatu. Nimejiuliza radhi huchukua muda gani kusemwa, na lawama muda gani. Nimefundisha watoto wa watu kupima mvua na umbali, hili sina kipimo chake.

Kesho nitampelekea Jawad nakala ya barua hii stendi, nisimame mbele yake mpaka aimalize. Mpigie yeye kabla ya kunipigia mimi. Usiponipigia kabisa nitaelewa.

Nisalimie mumeo, na watoto uwabusu kwa niaba yangu. Somoe anakusalimu sana. Kila tukionana anarudia kwamba wewe ni mwenye bahati, umeipata radhi ya Mama. Naye sijamwambia.

Kaka yako,
Muhannad