Jicho la Timazi na Usukani Mgumu

Kambi ya Wafanyakazi wa Daraja,
Chumba cha Saba.
Jumapili, tarehe 4 Mei.

Mpendwa Mjomba,

Leo nimetimiza miaka miwili na miezi minne tangu nitoke nyumbani, na hii ndiyo barua yangu ya kwanza kwako wewe mwenyewe. Shikamoo. Zile nyingine zote nilimwandikia mama, nikijua atakusomea sehemu zinazokuhusu, na mimi nikahakikisha hazikuhusu sana. Unisamehe kwa hilo.

Habari za afya? Goti lako la kushoto linaendeleaje? Mama aliniandikia kwamba asubuhi unatembea vizuri ila ikifika jioni linaanza ubishi. Na kifua cha bibi, je, kimetulia? Mdogo wangu amepata kazi ya kushona au bado anawashonea majirani bure? Mimi ni mzima, isipokuwa mikono na mabega, na hayo ndiyo yamenifanya nikuandikie. Ukiona herufi zangu zimelala ovyo, usidhani nimesahau hata kile kidogo nilichosoma. Vidole havijakunjuka sawasawa, na kazi haikuvipa likizo.

Kazi yangu unaijua, kufunga nondo. Kutwa nzima nimeinama na koleo na waya, nazungusha, nakata, nasogea, mpaka zege lije lifunike yote na hakuna atakayejua kama nilipita hapo. Tunalala wanane chumba kimoja. Kitanda changu ni cha juu, bati liko karibu na pua, na mvua ikinyesha hakuna anayesikia mwenzake. Nashukuru kwamba halivuji.

Kitanda cha chini yangu analala mwashi mmoja, mtu mzima wa rika lako. Tunamwita Timazi kwa sababu hahitaji timazi. Anafumba jicho la kushoto, anautazama ukuta kwa la kulia, anasema, "Umelala kidogo kulia." Ukishusha uzi na risasi yake, unakuta umelala kidogo kulia. Siku nilipofika hapa sina hata shuka, ndiye aliyenipa blanketi lake na kudai kwamba yeye huwa anasikia joto. Nilikuja kugundua baadaye kwamba anasikia baridi kuliko sisi wote.

Sasa sikiliza, Mjomba. Jumatano ile ya tarehe 23 Aprili, mfuko wa chokaa ulipasuka mikononi mwake, na chokaa ikamwingia jichoni. Lile la kulia. Tulimmwagia maji ndoo kwa ndoo. Mhudumu wa zahanati naye akaendelea kumwosha mpaka mkono ukachoka, akamfunga bandeji, akasema daktari wa macho anakuja hospitali ya mjini Alhamisi tu, na saa nane mchana anaondoka. Akikosekana wiki hii, alisema, hawezi kuahidi lolote kuhusu jicho hilo.

Dereva wetu alikuwa amekwenda kumzika baba mkwe wake. Nyapara akatukusanya akauliza nani anajua kuendesha. Nilikaa kimya. Wewe unajua kwa nini. Siku ile niliyotupa funguo za lori lako chini mbele za watu, nikasema linafaa kuvunja watu mabega tu, na kwamba duniani kuna magari ya pawa stering yanayogeuka kwa kidole kimoja, niliapa sitashika usukani tena. Nilitaka unijibu ili tugombane vizuri. Wewe uliokota funguo ukazipangusa kwenye suruali. Na asubuhi niliyoondoka ulikuwa chini ya gari unafungua kitu. Niliona viatu vyako tu.

Nyapara aliuliza mara ya pili. Nikamtazama Timazi ameketi juu ya tofali na bandeji yake, nikanyoosha mkono.

Hapa naomba niseme kosa langu, maana hapa kambini nimeshalisema. Jioni hiyo nililikagua lile lori dogo kama ulivyonifundisha, nikakuta mpira unaopitisha mafuta ya usukani unadondosha matone. Sasa sisi watu wa nondo, Mjomba, kila kitu ni waya. Mkanda ukikatika, waya. Mlango ukigoma, waya. Nikachukua koleo nikaufunga ule mpira kwa waya, mizunguko sita, nikaukaza ule mkazo wa nguzo. Matone yakaacha. Nilijisifu sana.

Tuliondoka saa kumi na mbili asubuhi. Kwa muda mrefu mambo yalikuwa mazuri, usukani mwepesi, mpaka nikawa najiambia ndiyo haya magari niliyokuwa nakuambia. Tulipoanza kupanda milima, kwenye kona moja usukani ukakaza ghafla kana kwamba kuna mtu ameushika kwa upande wa pili. Tulisimama gurudumu moja likiwa ukingoni mwa mtaro. Timazi akauliza kwa upole, "Tumefika?"

Mbele kidogo kulikuwa na njia panda, maduka matatu na banda la fundi. Fundi alikuja kwa miguu anajifuta mikono, akaingia chini, akatoka na ule mpira. Waya wangu ulikuwa umeukata kama kisu kinavyokata sabuni, na mafuta yote yamemwagika barabarani.

"Nani kaufunga huu?"

Nikasema sijui.

"Huyu alidhani anafunga daraja," akasema fundi.

Timazi alinigeukia na lile jicho lake moja.

Mpira mwingine ungepatikana kesho yake. Ilikuwa saa nne kasorobo. Fundi alieleza vizuri: mafuta yameisha, kwa hiyo pampu isiachwe izunguke kavu, ataukata mkanda wake, na gari litakwenda bila msaada. "Usukani utakuwepo," alisema, "ila utakuwa wa gari la zamani. Ukiona mikono haiwezi, simama, usilazimishe. Huko mbele kuna kona nyingi na mabonde marefu." Nikamwuliza Timazi. Akasema yeye kwa jicho moja hana cha kuona barabarani, kwa hiyo niamue mimi.

Nikapanda, nikawasha. Nililiacha gari lijivute kwanza, hata kidogo tu, ndipo nikakata usukani. Fundi alikuwa anatembea pembeni anatazama magurudumu. Akaniuliza nani kanifundisha, kwa sababu wengi wanang'ang'ania usukani gari limesimama.

"Mjomba wangu."

"Alikuwa na gari gani?"

"Gumu."

Akacheka. "Msalimie sana." Kisha akanirushia tambara nijifungie viganja. Kwa hiyo Mjomba, fundi wa njia panda anakusalimia. Hakujui, lakini alisema kwa moyo, na mimi nimebeba hizo salamu kama nilivyopewa.

Barabara ile ilinifundisha upya yote uliyokuwa unanipigia kelele. Kuianza kona mapema kabla haijakufikia. Kuvuta kwa bega, si kwa kiganja. Na vidole gumba viwe nje, visikumbatie usukani, maana gurudumu likikanyaga jiwe usukani unarudi kwa hasira. Kile kidole changu kilichovimba nikiwa na miaka kumi na saba, nilikuwa naamini ulifurahi. Kwenye mlima ule nilikikumbuka kila kona, na vidole vyangu vyote kumi viko salama hadi leo.

Kona kali zilinishinda peke yangu. Timazi akasogea, akaweka mkono wake kwenye usukani chini ya wangu. Mimi nahesabu, moja, mbili, vuta, naye anavuta ameinamisha kichwa, haoni tunakokwenda. Kwenye mteremko mmoja dhamiri ilinizidi nikamwambia ule waya ni wangu.

"Najua," akasema. "Ni nani mwingine anapinda ncha ndani namna ile? Endesha. Utaungama tukifika."

Tulifika saa nane kasoro dakika kumi. Daktari alikuwa ameshavaa koti na begi liko mkononi. Muuguzi wa mapokezi akanipa fomu niandike, nami nikashindwa kuishika kalamu, vidole vimekunjika vimebaki na umbo la usukani. Akaniangalia mimi na tambara langu, akamwangalia Timazi na bandeji yake. Daktari akauliza, "Mgonjwa ni nani kati yenu?" Tulinyoosheana vidole. Vyangu havikunyooka. Nadhani hilo ndilo lililomfanya aliweke begi chini. Muuguzi alituandikia fomu mwenyewe, na hakuna aliyetukaripia kwa kuchelewa. Yule daktari alikaa na Timazi hadi saa kumi na nusu. Namwombea kila siku, yeye na muuguzi.

Alhamisi hii iliyopita tulirudi kufunguliwa bandeji, safari hii na dereva mwenyewe na mpira mpya. Nilisimama pale chumbani sijui niweke wapi mikono. Timazi alifungua jicho polepole. Akanitazama muda mrefu.

"Bora mngeliacha limefungwa," akasema. "Kumbe una sura hii?"

Muuguzi akacheka, daktari akacheka, mimi nikashindwa kucheka. Kisha akafumba jicho la kushoto, akaugeukia mlango wa chumba cha daktari, akautazama juu mpaka chini. "Fremu hii imelala kidogo kushoto." Nilitoka nje, Mjomba, nikasimama nyuma ya tangi la maji mpaka nilipojiweza.

Anatumia dawa ya matone, na daktari amesema likiendelea hivi litarudi kama zamani. Kambini sasa wananiita Waya, na nyapara amenikataza kukaribia injini yoyote nikiwa na koleo. Ni haki yake.

Naandika haya yote ili nikuambie jambo moja ambalo mdomo wangu ungelikwepa. Jicho la mtu huyu limepona kwa mikono ya wengi, na ya kwako imo. Lile lori nililolitukana ndilo lililonifikisha. Asante, Mjomba, na unisamehe kwa zile funguo. Kama bado liko nyuma ya nyumba, tafadhali usiwape watu wa chuma chakavu kabla sijalishika.

Nisalimie mama, mwambie barua hii aisome yote, nimemruhusu. Nisalimie bibi, mdogo wangu, na binamu yangu Kijiko, kama ameacha kula kwa majirani. Jirani fundi viatu asisahauliwe. Timazi anawasalimu wote na anauliza kama nyumba yetu imesimama wima. Mungu akulindie goti hilo na akupe usingizi mzuri, na wote mlio chini ya paa lako awape amani.

Timazi anarudi kwa daktari kwa mara ya mwisho Alhamisi tarehe 22, na nimeahidi kumsindikiza. Kesho yake nafunga mizigo. Jumamosi tarehe 24 mwezi huu, kabla jua halijazama, nitakuwa uani kwako. Ukiwa chini ya gari usijisumbue kutoka. Nitakaa hapo chini karibu na viatu vyako, uniambie spana namba ngapi.

Mpwa wako anayekupenda na kukukumbuka,
Waya