Kidole cha Kalume

Rumonge, 9 Agosti 1999

Kaka Nasiri,

Asalam aleykum. Mimi na mutoto tuko wazima, naomba barua hii ikukute hivyo hivyo huko Kigoma. Kaoutar anaota meno, halali, basi na mimi silali.

Kaka, nina woga. Juzi pale kiwanda cha mawese, Kalume, zamu wetu anayelinda mulangoni, aliona watu wenye bunduki wanashuka mulimani. Akapiga ile jante, chuma cha gurudumu la gari, tuliyoitundika iwe kengele. Wote waliokuwa nje wakakimbia. Mimi masikio yangu yalikufa na ile homa, unajua. Niliinama kwenye mashine, mutoto mugongoni. Kuinua kichwa, uwanja mutupu, kandambili za Fabiola, mwenzangu wa kazi, zimebaki chini. Mungu aliwapitisha wale wa bunduki barabara ya juu.

Kuacha kazi siwezi, tutakula nini? Wewe ni fundi umeme. Nitengenezee kitu cha kuniita kwa macho.

Mudogo wako,
Wema

Kigoma, 2 Septemba 1999

Mama Kaoutar,

Waaleykum salam. Sisi wazima, ila barua yako imetunyima usingizi. Swedi wa boti anakuletea taa nyekundu, waya na kitufe. Umeme mutauchukua kwenye batri ya mashine. Taa ikae mbele yako, kitufe kwa zamu. Akibonyeza, inawaka.

Patron wako, mwenye kiwanda, usigombane naye, tafadhali.

Kaka yako,
Nasiri

Rumonge, 20 Septemba 1999

Kaka Nasiri,

Amahoro, kuna amani huko? Huku iko salama kidogo. Kaoutar ana meno mawili, ameshaniuma. Taa imefika, murakoze, asante sana.

Patron Cirhuza alicheka. Akasema polepole nisome midomo yake: "Batri yangu, kwa masikio ya mutu mumoja?" Nikamwambia, "Patron, simama hapa karibu na mashine ikinguruma, Kalume apige jante." Kalume akapiga mpaka jasho likamutoka. Patron akaniuliza, "Si apige sasa, anangoja nini?" Fabiola alicheka mpaka akakaa chini. Taa ilifungwa siku hiyo hiyo.

Lakini kuna kosa, na ni lako, nivumilie. Kile kitufe ni cha kengele ya nyumba. Kidole kikitoka, taa inazima. Mimi nafanya kazi kichwa chini, siangalii ukuta kila saa. Hukuniuliza. Nataka suichi inayobaki imewaka yenyewe. Kalume anasema, "Usijali mama, nitashikilia tu mpaka muone." Hiyo ndiyo inaniogopesha zaidi.

Fanya haraka.

Mudogo wako,
Wema

Kigoma, 3 Oktoba 1999

Mama Kaoutar,

Kweli sikuuliza. Nilichukua kilichokuwa mezani. Suichi ndiyo hii, ila boti zimezuiwa. Swedi akipata njia tu atavuka. Redio inasema mabaya juu ya Rumonge. Niandikie hata mustari mumoja.

Kaka yako,
Nasiri

Rumonge, 31 Oktoba 1999

Kaka Nasiri,

Asalam aleykum. Tuko hai, mimi na mutoto.

Suichi ilifika Alhamisi. Wale wenye bunduki walikuwa wamekuja Jumatatu.

Nilikuwa nimeinama. Sijui taa ilikuwa imewaka muda gani. Kuinua kichwa, nyekundu, imetulia tu. Fabiola alikuwa amenipa mugongo, mashine inanguruma, hakuna aliyesikia jambo. Nikamvuta, naye akavuta wengine. Tulitokea nyuma, kwenye michikichi, mpaka ziwani. Wote saba.

Nilipogeuka mara ya mwisho, taa ilikuwa bado inawaka. Kalume kule mulangoni angejuaje kwamba nimeshaiona?

Tulimzika Jumanne.

Usiniandikie kwamba wewe ndiye umemuua. Waliomuua walikuwa na bunduki. Lakini siku nyingine ukimutengenezea mutu kitu, muulize kwanza anafanyaje kazi yake.

Suichi nimeifunga mwenyewe. Zamu mupya anaitwa Juma. Jana nilimfanyisha mazoezi. Mara ya kwanza aliwasha akabaki amesimama, anachungulia ndani kunitafuta. Nikamrudisha. Mara ya pili alikimbia kidogo, akageuka. Nikamrudisha. Nikamwambia, "Juma, washa, kimbia. Usiningojee." Akasema, "Lakini mama, na mutoto mugongoni?" Nikamwambia, "Usiningojee."

Mara ya nne alikimbia bila kugeuka.

Mudogo wako,
Wema