Vidonge vya Mashavu

Jumatatu, 1 Septemba 2025

Loyce ametikisa kopo la vidonge vyangu sikioni kwake, akacheka. "Mama, vinacheza!" Halafu akaokota kipande cha kidonge kilichobaki kwenye wembe niliokatia, akakilamba kabla sijamfikia. Uso ulivyojikunja! Katema mate mpaka kwenye kitenge changu. Nimemsuuza mdomo nikicheka, halafu nikakaza kifuniko cha kopo. Miaka mitatu tu huyu! Kopo sasa liko juu ya kabati.

Leo ndiyo nimeanza kukata. Tangu mwaka aliozaliwa Loyce nakula viwili kila asubuhi, vya ugonjwa huu wa maungio. Kipindi kile vidole vilijifunga, nikashindwa hata kumshika mwanangu kumnyonyesha. Mume wangu Bazilio ndiye alikuwa ananiwekea mtoto kifuani. Sasa ni kimoja na nusu kwa wiki nne, halafu kimoja kwa wiki nne, halafu narudi Kasulu kwa Dokta Lusajo. Vidonge sabini, amehesabu mbele yangu.

Alisema mwili wangu umezoea kuletewa dawa, umesahau kujitengenezea ya kwake. Tuuamshe polepole. Usiache ghafla Mama Loyce, usiruke hata siku moja. Ukipata homa unaongeza, hupunguzi. Ukitapika usikae nyumbani, nenda hospitali na hii kadi ukachomwe sindano. Kadi nimeiweka ndani ya Biblia.

Alisema pia niandike maumivu kwenye daftari. Daftari lake ni lile dogo. Hili ni langu.

Naogopa jamani. Mikono ikirudi kama zamani? Lakini dawa inakula mifupa, anasema. Na mimi nataka mtoto mwingine. Basi nimekata.

Jumapili, 14 Septemba

Asubuhi magoti yanauma, jua likipanda yanaachia. Nimembeba Loyce mgongoni kutoka kanisani mpaka nyumbani! Njia nzima anaimba.

Mashavu yangu yanashuka. Mimi nafurahi, watu hawafurahi. Mama mmoja wa kwaya kanishika kidevu — Bazilio hakulishi? Mwingine nyuma yake kanong'ona nimeanza kuisha. Kuisha! Dawa ilinivimbisha uso, wao wakaita kunawiri. Mama mkwe alikuwa anajisifu sokoni: mwangalieni mkwe wangu nilivyomtunza. Leo katembea mbele yangu, hakunisubiri.

Alhamisi, 18 Septemba

Wifi Asnath kaja. Kasifia maharage yangu, kamkata Loyce kucha, kafagia mpaka uani. Nikajua kuna jambo.

Send-off yake, kuagwa kwenda kwa mume, ni tarehe 25 Oktoba. Gauni limeletwa kutoka Kigoma mjini, linamning'inia kama limeanikwa kwenye mti. Anataka vidonge vya mashavu. Ndivyo anavyoviita! Kimoja kila siku kwa mwezi mmoja, thelathini vinamtosha. Nikamwambia hii ni dawa wifi, siyo mafuta ya kupaka, na haiachwi ghafla. Akanijibu:

"Wewe uliingia kwetu mwembamba kama mpini wa jembe, ukaota mashavu ukakaa miaka mitatu ukipendeza. Mimi nikavae gauni kama msalaba?"

Nilicheka. Lakini nikakataa. Kaondoka bila kuaga.

Jumapili, 21 Septemba

Nimevitoa. Naandika nijue nimefanya nini.

Mama mkwe aliniita jikoni kwake. Hakufoka, afadhali angefoka. Kanipa ugali na samaki, mgebuka, nikala, ndipo akasema. Mwana wanje, mwanangu, si dokta kakwambia upunguze? Sasa vinavyopunguzwa vinakwenda wapi? Vikuozee juu ya kabati na wifi yako anaaibika mbele ya wakwe? Akasema kwao toka Burundi mpaka walipohamia hapa Kumsenga hakuna mtu aliyeombwa dawa ndani ya nyumba akanyima. Mchawi ndiye ananyima dawa.

Neno hilo. Na mgebuka wake bado uko mdomoni mwangu.

Nikajaribu kusema hakuna vinavyobaki, vyote vina siku zake. Lakini hata mimi nilianza kuona kama vinabaki. Najisikia vizuri. Vidole vinakunjuka. Pengine Dokta anaogopa sana tu, si ni madokta?

Thelathini nimefunga kwenye karatasi ya daftari. Asnath kanikumbatia. Kaapa Bazilio akienda Kibondo kuuza maharage atamwagiza duka la dawa virudi vyote, hapa kijijini wana panado na mseto wa malaria tu. Lakini Bazilio asijue ni vya nani! Aambiwe ni vya rafiki wa Asnath.

Kwangu vimebaki nane na nusu. Kuanzia kesho nusu kila siku. Vitafika mpaka vitakaporudi.

Jumatano, 24 Septemba

Nimechoka. Siyo uchovu wa jembe. Nimeketi kwenye ndoo ya maji nikashindwa kunyanyuka, Loyce akanivuta mkono akidhani ni mchezo.

Jumanne, 30 Septemba

Nikisimama dunia inazunguka. Chakula sikitaki, nataka chumvi tu. Nimelamba chumvi kama ng'ombe.

Bazilio kaenda Kibondo, karudi. Hakuna vidonge. Asnath anasema aliona aibu kumwagiza kaka yake. Wiki ijayo wifi, usiwe na haraka.

Bazilio kaniuliza mbona nimepungua hivi, dawa nakula? Nikasema nakula. Si uongo. Nusu ni kula.

Jumamosi, 4 Oktoba

Mvua ya kwanza. Watu wote mashambani. Mimi nimelima mstari mmoja, nikalala palepale kwenye udongo. Udongo ulikuwa baridi vizuri.

Kopo nimelitikisa. Vidonge viwili.

Asnath kapita njiani na jembe begani. Yoo, kapendeza kweli! Uso umejaa. Nikamwita, nikamwomba hata kumi. Kasema nitamharibia katikati ya kazi — dozi haikatwi, si wewe mwenyewe ulisema usiache ghafla? Maneno yangu mwenyewe!

Jumanne, 7 Oktoba

Homa tangu jana. Zahanati wamenitoboa kidole, malaria. Wamenipa mseto. Nesi kauliza una dawa nyingine unayotumia, mama mkwe yuko kando yangu kamshika Loyce. Nikasema hapana.

Kwa nini nilisema hapana?

Homa unaongeza, hupunguzi. Niongeze na nini? Nusu moja imebaki. Bazilio yuko Kakonko na maharage, kasema kesho.

Nikifa Loyce atakumbuka nini? Kopo.

Jumatano, 8 Oktoba

Asubuhi nimekula ile nusu. Nimeitapika. Nimeiona kwenye beseni, nyeupe, nikataka kuiokota.

Acha niandike, nikilala nahisi nazama.

Nimetoa kadi kwenye Biblia, nikampa mama mkwe, nikamwambia asome kwa sauti. Anasoma polepole, herufi moja moja. Mgonjwa huyu asiache dawa ghafla, ni hatari kwa maisha. Kasoma mara mbili. Halafu kakaa chini sakafuni, mama mtu mzima, na kitenge chake cha kanisani. "Claudine, kumbe uliniambia." Sijawahi kusikia akiniita jina langu.

Kanyanyuka. Kamshika Loyce mkono, wamekwenda kwa Asnath shambani, mbio. Sijui kama vimebaki. Kama alikula kimoja kimoja vipo kumi na kitu. Kama alikuwa anakula viwili viwili, na mashavu yale...

Bazilio karudi. Nimesikia pikipiki. Kaingia, kanigusa paji la uso, katoka kukopa mafuta kwa jirani atupeleke Kibondo hospitali. Kabla ya kutoka kalishika kopo. Kalitikisa. Kimya. Kaniangalia mimi, kaangalia kopo. Kasema mbona dokta alikupa mpaka mwisho wa mwezi? Nikafumba macho kama nimelala.

Mungu wangu nisaidie. Nesi wa Kibondo atauliza vilikwenda wapi. Bazilio atakuwa amesimama palepale. Nikisema Asnath kaniibia, nitakuwa nimesema uongo na send-off itavunjika. Nikisema nilimaliza mwenyewe vibaya, hawatajua mwili wangu umekaa na nusu tu siku ngapi. Dokta alisema watu wa sindano lazima wajue.

Kuna miguu njiani. Midogo inakimbia mbele. Loyce! Anapiga kelele, "Mama, vinacheza! Vinacheza!" — kashika kitu, kopo la poda la Asnath, analitikisa kwa mikono miwili, nasikia. Siyo vingi. Viwili, vitatu labda. Lakini vinalia.

Nyuma yake mama mkwe anahema. Na Asnath pia, analia, shavu lina udongo.

Pikipiki imewashwa. Bazilio anauliza hapo nje kuna nini, kopo la nani hilo. Wote wananisubiri mimi. Nitamwambia sasa hivi, kabla hatujapanda, nitamwambia Baba Loyce, vidonge nilivitoa mimi mwenyewe kwa mkono wangu, tarehe ishirini na moja, kwa sababu nili

ananiita