Mahindi ya Moto Yasiingie Friza

Loisi mkwe wangu, nimeshatoka. Mahindi niliyochemsha yamo ndooni, kwenye maji baridi. Yakipoa yafute, yafunge kwenye mifuko ya nailoni, ndipo uyagandishe. Fanya leo leo, la sivyo yatachacha. Jana niliingiza mengine frizani yakiwa ya moto, barafu zako za kuuza zikayeyuka. Pole.

Lakini asubuhi, kwa vile baba mkwe hasemwi usoni, uliiambia sufuria: “Mwambie huyo mpita njia, friza si yake.” Nimezunguka nchi nzima, sijaitwa hivyo. Nilitaka binti yangu Angelina akija Krismasi ale hindi bichi la kwao.

~~Sirudi.~~ Nitarudi ukituma mtu.

Mumeo kaenda kazini bila chai. Watoto wako shule. Mimi niko Ihumwa, kwa dada.

Baba mkwe