Tuliamua Wawili

Jumatatu, 3 Machi

Mama mkwe kapiga simu asubuhi. Anakuja keshokutwa. Atakaa muda gani? Hakusema. Kasema tu anakuja kujua nyumba yetu inaumwa nini.

Nyumba inaumwa! Miaka sita ya ndoa, watoto hatuna, basi nyumba ina ugonjwa. Na sisi wazima kabisa. Tulikubaliana kabla ya harusi, mimi na mwenzangu — hatuzai. Tena yeye ndiye aliyetamka kwanza! Nilipumua siku ile kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani. Mama yangu alipougua nililea wadogo zangu wanne mpaka wakajitegemea. Nawapenda hadi leo. Ila kurudia — hapana. Sitaki. Basi.

Kwao hajawaambia. "Taratibu," huniambia. Miaka sita ya taratibu!

Kazini, kwenye duka la miwani, akili haikuwepo. Nikanoa lenzi ya mteja kupita kiasi, ikawa inacheza ndani ya fremu kama jino bovu. Nikakata nyingine.

Jumatano, 5 Machi

Amefika. Heri angekuja na matusi, ningejua pa kushika. Kaja na upole. Kanikumbatia mpaka mbavu zikalia, kafua mapazia, kasugua masufuria yangu hadi yananiaibisha. Kisha akanishika mkono: si kosa langu, kizazi kina siku zake, nisilie.

Silii mimi. Naogopa.

Baadaye aliingia chumba kidogo, tunamoweka baiskeli na meza ya pasi. Akasimama katikati. Akatazama pembe hii, akatazama ile. Akafunga dirisha. Eti upepo huu si mzuri.

Si mzuri kwa nani?

Alhamisi, 6 Machi

Nimesema. Mungu wangu, nimesema!

Tulikuwa mezani, watatu. Mama mkwe anasimulia habari za mwanamke aliyejifungua baada ya kungoja miaka kumi. Nikasikia sauti yangu: "Mama, sisi hatukukosa. Hatutaki."

Akacheka. Alidhani utani. Alipoona sicheki akaweka kijiko chini, polepole.

"Nani hataki? Wewe, au mwanangu?"

"Sote, mama. Tuliamua wawili."

"Na mkizeeka nani atawapa maji ya kunywa?"

Hapo nikamtazama mwenzangu. Zamu yake! Naye macho kwenye sahani, anatenga miiba ya samaki ambayo alishaitenga. "Mama," akasema, "hayo tutaongea."

Tutaongea. Basi! Wawili wangu wamebaki mmoja.

Chumbani nikamuuliza, kwa kunong'ona, maana kuta zetu ni kama karatasi. Kwa nini umeniacha peke yangu? Eti alikuwa anampoza, mama ana presha. Sawa. Yeye mtoto mwema, mimi mkosi wa ukoo. Nilitaka kupiga yowe. Nikauma shuka.

Ijumaa, 7 Machi

Mama mkwe kutwa anaongea na wifi kwa simu. Nikiingia, sauti inashuka. Nikitoka, inapanda. Mara mbili nimesikia neno "begi".

Jumamosi, 8 Machi

Wifi, dada yake mwenzangu, kaja na kitinda mimba wake wa miezi saba. Na begi. Begi kubwa mno kwa mtu aliyekuja kutembea.

Anatuachia mtoto "kwa muda", apumzike. Huyu ni wake wa tano. Hakunitazama machoni. Mama mkwe ndiye aliyemalizia: mtoto huita mtoto, kaa naye, moyo utalainika wenyewe.

Nikapakatishwa kabla sijajibu! Mikono haisahau — kichwa hapa, kiuno pale. Kitoto kikanikodolea macho, kikashika kidole changu. Kizuri, hakina kosa. Nikangoja lile wanalolisema, eti moyo unafunguka. Nikangoja. Hakuna kilichokuja. Wote wananitazama usoni, na mimi jasho linanitiririka mgongoni.

Nilipomsindikiza wifi mlangoni alininong'oneza: "Usimwambie mama. Lakini laiti ningekuwa na moyo wako." Akaenda zake karibu mbio.

Mwenzangu kaapa. Kesho mchana anamweleza mama yake yote, na mtoto anarudi kwao.

Jumapili, 9 Machi

Mchana umefika. Mwenzangu akaniambia nibaki chumbani, yeye mwenyewe ataongea na mama yake. Nikakaa kitandani, masikio wazi kama sungura. Nangoja kelele, nangoja kilio cha mama mkwe. Badala yake kicheko — cha mwanamume. Miaka yote hii, kicheko kile sikuwahi kukisikia!

Nikafungua mlango kidogo. Mwenzangu yuko chali sakafuni, mtoto juu ya kifua chake. Anampandisha, anamshusha. "Mjomba huyu! Mjomba wako huyu!" Udenda wa mtoto unamdondokea shingoni wala hafuti. Mtu ambaye glasi yake nikiinywea huiosha kwanza!

Mama mkwe alikuwa mlango wa jikoni na kitambaa mkononi. Akaniona. Sikuona ushindi usoni mwake, bora ningeuona. Alinihurumia.

Nikarudi ndani. Nikachukua daftari.

Mwenzangu kaja, mtoto begani. Nikauliza, umemwambia? Akakaa kando yangu, akampapasa mtoto mgongo, akasema taratibu, kama anayeuliza saa: "Hivi tulipoamua yale, tulikuwa na umri gani?"

Nimeshika kalamu nisimtazame. Namwambia naandika mambo ya kazi. Bado amekaa hapa, bega lake linagusa langu. Mtoto amesinzia. Sasa ameniita jina langu — lile kamili, asilolitumia — na anasema, "Niangalie basi."